Kiatu Chini ya Pazia

Kaka yangu hajawahi kumiliki baiskeli, lakini ana picha nne akiwa juu ya baiskeli. Hajawahi kumiliki gari, lakini ana picha ameegemea mlango wa gari kama mtu aliyechoka kuendesha. Makochi ya ngozi hana, redio kubwa hana, saa ya dhahabu hana, picha anazo. Ukilifungua kopo lake la biskuti, lile la bati lenye kutu kwenye kifuniko, ukazipanga picha zote mezani, utasema huyu mtu ameishi maisha makubwa. Kumbe alikuwa na majirani wazuri wa kuazima.

Mtaani walimpa jina la Pozi tangu ujanani, na jina likazeeka naye. Siku hizi ni Mzee Pozi. Mwenyewe anadhani ni sifa.

Kwa mama yetu tulikua wawili tu. Yeye alinitangulia kwa miaka kumi na miwili, na waliozaliwa katikati hawakukaa duniani. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa mwanaume wa nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na kioo kimoja, na kioo hicho mimi na mama tulikuwa tunakipata akishaondoka kwenda kazini. Simdharau. Namhurumia tu. Hapana, hapo nimedanganya, Mungu anisamehe: namdharau kidogo.

Katika kopo hilo kuna picha moja ambayo imenikaa kooni kwa miaka arobaini na tatu. Si kwamba naitaka. Ninachotaka ni neno. Neno moja tu kutoka kinywani mwa kaka kuhusu siku ile ya studio. Nimemwombea. Nimemsamehe, kisha nikamsamehe tena nilipogundua ule msamaha wa kwanza haukushika, kama gundi iliyotiwa maji. Lakini neno sikulipata, na yeye mwaka huu anatimiza sabini.

Habari hizi za picha zilianza pale binti yake mkubwa, tunayemwita Mama Pacha, alipoingia chumbani ninakofanyia kazi. Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Alinikuta nakunja marinda ya sketi, kumi na sita, yote yanalala upande mmoja. Kopo la biskuti alikuwa amelikumbatia kama mtoto.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Umeleta biskuti?"

"Ningekuletea biskuti ningekuwa nimekuletea kitu cha maana. Ni picha za Baba. Jumapili tunamfanyia sabini yake, wajukuu wote watakuja, tumenunua albamu. Sasa hizi picha hazina maelezo hata moja. Nani atajua nani ni nani?"

"Baba yako anajua."

"Baba haoni, Shangazi."

Hapo alisema kweli. Presha ya macho imemla polepole kwa miaka sita, leo anaona mwanga na kivuli basi. Wako watu mtaani wanaosema Mungu amemlipa kwa kujitazama sana. Mimi wazo hilo lilinijia pia, nikalifukuza kama kuku aliyeingia sebuleni, maana Mungu hafanyi visasi vya kitoto.

"Tutamleta akae hapa," Mama Pacha akaendelea. "Wewe utamwambia picha ni ipi, yeye atakuambia maneno, utayaandika nyuma. Jumapili nitawasomea watoto. Hataki mtu mwingine. Anasema mwandiko wako ni kama wa kitabu."

"Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, mwanangu. Uliishia pale nilipoishia mimi."

Akacheka. Hakujua alichokuwa anachekea, na si kosa lake, hakuwa amezaliwa.

Nilikuwa nimefaulu. Darasani kwetu tulikuwa watoto hamsini na wawili, tukafaulu watatu, na msichana nilikuwa peke yangu. Barua ya shule ikaja na fomu, na kwenye pembe ya fomu kulikuwa na mraba mtupu: bandika picha hapa. Fomu ilitakiwa iwe imefika shuleni Ijumaa. Mama alinisuka mchana kutwa mpaka macho yakavutika. Viatu niliazima kwa binamu yangu, vya ngozi nyeusi, vyenye kifungo pembeni; vilinibana, lakini nilivipenda. Kaka akapewa kazi moja tu: mpeleke mdogo wako studio.

Kaka akavaa koti.

"Koti la nini?" mama akauliza.

"Mama, siwezi kumpeleka mtoto mjini kama mtu aliyetoka kuchunga mbuzi."

Koti lilikuwa la karani wa posta. Hilo mama hakuuliza, alikuwa ameshazoea.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua na ngazi zisizofika popote, na kiti kimoja mbele yake. Mpiga picha alitupokea akajikuna shingo. "Mmekuja siku mbaya," akasema. "Filamu imebaki picha mbili, nyingine inakuja wiki ijayo."

"Mbili zinatosha na kubaki," kaka akasema. "Mdogo wangu, kaa kwanza kwenye benchi huko nyuma ya pazia. Ngoja fundi apime mwanga kwangu."

Mwanga ukapimwa. Kaka alikaa kwenye kile kiti, akakunja mguu, akaweka kidole shavuni kama mtu anayefikiria mambo ya nchi. Taa ikamulika. "Aa, nimefumba macho," nikamsikia. "Rudia." Taa ikamulika tena. Kisha sauti ya mpiga picha anakizungusha kitu ndani ya kamera. "Imekwisha hiyo," akasema.

Wiki iliyofuata tulirudi, nikapigwa picha, fomu ikapelekwa. Ilirudi na picha yangu ndani ya bahasha, na barua ya mistari miwili. Nafasi alikuwa amepewa mwingine. Njia nzima kutoka posta kaka alikuwa ananiambia, "Usilie, mambo haya hutokea." Hutokea! Kama mvua, kama mafua, si kama mtu aliyekaa kwenye kiti akasema rudia.

Mwaka ule ule nikawekwa kwenye cherehani ya jirani. Sare ya kwanza niliyoshona ilikuwa ya shule ile ile.

Picha yenyewe ipo. Kaka ametoka na macho wazi, kidole shavuni. Lakini ukitazama upande wa kushoto kabisa, pazia linapoishia karibu na sakafu, imetokeza ncha ya kiatu chenye kifungo pembeni. Ni mimi nimekaa kwenye benchi, nangoja zamu yangu. Nilikigundua kiatu hicho nikiwa mtu mzima, siku tuliyokuwa tunahama vyumba vya mama, na sikumwambia mtu. Picha zote za kaka zimewahi kukaa ukutani kwa zamu, isipokuwa hiyo. Nilidhani ni fremu hazikutosha.

Basi, Alhamisi wakamleta. Amevaa koti, na joto lile. Nikamkalisha karibu na dirisha kwa sababu mwanga bado anaujua, naye akauelekezea uso kama alivyozoea.

"Vifungo vimekaa sawa?" akauliza.

"Sawa, Kaka. Lakini humu tupo wawili tu."

"Mtu hajui nani atapita."

Mama Pacha akatuachia kopo mezani akaenda jikoni kutengeneza chai. Nikasogeza vitambaa, nikachukua kalamu. Kabla ya yote nikaitafuta ile picha ya studio, nikaiweka pembeni chini ya kipande cha kitambaa cha bluu. Nilitaka iwe ya mwisho. Nilisema moyoni, leo tutafika hapo, na leo atasema.

"Ya kwanza uko na baiskeli," nikamwambia.

"Nimevaaje?"

"Shati jeupe, mikono umekunja."

"Aa, hiyo! Andika: Mzee na baiskeli yake ya kwanza, mwaka aliowashinda vijana wote wa mtaa kwa mbio."

Nikaitazama picha. Nyuma ya tandiko vinaonekana vidole vinne vya mtu. Ni vya mwuza maziwa, mwenye baiskeli yake. Alikuwa amechuchumaa nyuma anaishikilia, kwa sababu kaka akiachiwa baiskeli huanguka upande wa kushoto, na madumu ya maziwa yalikuwa chini pembeni, nzi wanafanya sherehe.

Mimi ni mtu wa sala. Sidanganyi kwa mdomo, na nimejitahidi nisidanganye kwa mkono. Futi yangu haijawahi kumpunja mtu kitambaa. Nikaiweka kalamu nyuma ya picha, mkono ukagoma kama punda aliyefikishwa kwenye daraja. Kisha ukaanza wenyewe: Baiskeli ya mwuza maziwa. Vidole vinavyoonekana ni vyake. Kaka hajui kuendesha mpaka leo.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Yote?"

"Yote yaliyohitajika."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na hapo sikusema uongo hata mmoja, nilihesabu.

Ya pili yuko ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka, mkonga wa simu sikioni, uso umekunjwa kama anapokea habari za vita. "Andika: Mzee akiwa kazini, anaongea na makao makuu." Kaka alikuwa tarishi wa ofisi ile kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa anabeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba kile, na kwa haki niseme, hakupoteza hata moja. Kazi ya heshima kabisa hiyo, mimi ningejivunia. Yeye hakuipiga picha hata siku moja akiwa na faili mkononi. Nikaandika: Kiti cha bosi. Bosi alikuwa safarini. Simu ilikuwa mbovu kwa miezi minne.

Ya harusi yake hakudanganya kwa maneno. Alisema tu, "Andika: Siku ya harusi yangu."

"Na mkeo?"

"Si anaonekana?"

"Linaonekana sikio moja na hereni."

Alikuwa amesimama mbele ya bibi harusi, mabega yote mawili. Wifi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiulizwa kuhusu harusi yake anasema, "Ilikuwa nzuri, nilialikwa, ila sikupata nafasi ya mbele." Nikaandika: Aliye nyuma ni mke wake. Alikuwa mzuri kuliko yeye.

Tulipofika ya tano nikajikuta natabasamu peke yangu, nikajua dhambi imeanza kunoga. Nikasali sala fupi. Kisha nikachukua ya sita.

"Hii ni ya mazishi ya mama," nikasema.

Mikono yake ikashikana juu ya mapaja. Nikaona aibu kwa yale niliyoyaandika, nikasema labda leo kaka ataongea kama mtu.

"Nimevaaje?" akauliza.

Haya. Nikamwambia alivyovaa. Akasema niandike: Mwana mkubwa akimlilia mama yake. Na ni kweli analia pale, leso nyeupe machoni, kidevu juu kidogo ili shingo isijikunje. Ila mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nilimsikia anamwuliza mpiga picha, "Uko tayari?" Akajibiwa ndiyo, ndipo akalia. Niliandika hivyo hivyo. Kisha nikaongeza chini, kwa sababu haki ni haki: Watu walipoondoka alilia tena, nyuma ya nyumba, hakuna mpiga picha.

Hapo Mama Pacha akaingia na chai. Alipokuwa anaweka vikombe akaiona picha moja kwenye rundo la zilizokwisha kuandikwa, akaiokota. "Jamani, huyu ni mimi!" Alikuwa yeye kweli, ana siku tatu, mkononi mwa baba yake nje ya hospitali. Akaigeuza, akaanza kusoma kwa sauti akidhani anasoma maneno ya baba yake:

"Amemshika mtoto kama nahodha anavyoshika kikombe. Bibi wa mtoto alipiga kelele, shika shingo! Kaka akajibu, ngoja apige kwanza."

Akacheka cheko moja. La pili likakatikia njiani.

Kaka akageuza uso kutoka dirishani. "Soma tena."

"Baba, labda..."

"Soma."

Akasoma. "Soma nyingine," kaka akasema. Akasoma ya simu. Akasoma ya vidole vya mwuza maziwa, na hapo, maskini, alijitahidi, lakini kicheko kilimtoka puani, akakimbilia jikoni kwa kisingizio cha sukari. Wahenga walisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Yeye alishika bakuli la sukari.

"Mdogo wangu," kaka akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Umenivua nguo mbele ya mwanangu."

"Nguo zenyewe zilikuwa za kuazima, Kaka."

"Ahaa. Sasa unanichambua."

"Wahenga ndio waliokuchambua, si mimi. Walisema nguo ya kuazima haisitiri kitu fulani. Mimi ni mtu wa kanisani, malizia mwenyewe."

"Umengoja nipofuke ndipo uandike! Mbona hukuandika nilipokuwa naona? Kila Jumapili unakwenda kuimba, sauti nyororo, watu wanasema dada wa Pozi ni malaika. Malaika gani anamwandikia kipofu nyuma ya picha?"

Hilo lilinipata. Nilikunywa chai ambayo haikuwa na sukari.

"Maneno uliyosema hayakuwa ya kweli," nikasema.

"Nani aliyekuambia picha ni ya kweli? Mtu anapigwa picha ili awe vizuri siku moja! Watu wote walikuwa wanajua baiskeli si yangu. Mwenye baiskeli alikuwepo! Nilimdhulumu nani? Niambie. Maisha yako yote unaniangalia kwa jicho la pembeni, unanipakulia chakula kama unamlisha mfungwa, ukiniombea naisikia sauti yako inavyobana. Nilikukosea nini mimi? Hebu sema."

Miaka arobaini na tatu nilikuwa nimeyaandaa maneno. Niliyaandaa nikifua, nikipiga pasi, nikikunja marinda. Nilikuwa nayo mazuri, yenye mpangilio, mengine ya kuliza. Siku yenyewe ilipofika hayakuja hata mawili. Nilinyanyua kile kitambaa cha bluu, nikachukua picha, nikamwekea mkononi.

Picha za studio ile zilikuwa zinakatwa kingo za mawimbi, kama meno ya msumeno mdogo. Kidole gumba chake kikapita upande mmoja wa picha, kikashuka, kikapita upande wa chini. Kikasimama.

Hakuuliza amevaaje.

Nilingoja aulize. Mama Pacha alikuwa amerudi na sukari, amesimama mlangoni, hata yeye alingoja. Nje mtu alipita anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia, akapita mpaka mlio ukaisha. Kaka bado ameshika picha, kidole kiko kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto.

"Hiyo nayo iandike," akasema mwishowe.

"Niandike nini?"

"Unajua cha kuandika."

"Sijui, Kaka. Leo nataka kuandika maneno yako. Nitaandika kama utakavyosema, herufi kwa herufi."

Akavuta pumzi kama mtu anayebeba gunia.

"Andika: Pozi amekaa kwenye kiti cha mdogo wake."

Nikaichukua picha, nikaigeuza, nikaandika. Mkono haukugoma. Ila mwandiko wangu wa kitabu ukawa wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Ongeza. Kushoto, chini ya pazia, kuna kiatu. Andika na kiatu ni cha nani."

Kalamu ikanikaa hewani. "Ulikiona?"

"Nilikiona siku niliyokwenda kuichukua. Pale pale kwenye kaunta, kabla sijaitia kwenye bahasha." Akaligeuzia uso lile dirisha. "Unafikiri kwa nini haijawahi kupanda ukutani?"

"Nilifikiri fremu hazikutosha."

"Fremu! Nilikuwa na fremu mbili tupu zinazagaa. Nikiitundika, nikinyanyua macho naona kiatu. Watu wanaona koti, mimi naona kiatu. Nikaifungia kwenye kopo."

"Na hukusema."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa na miaka kumi na mitano, unanitazama kama baba. Nikisema nimekosa, nani anabaki kuwa mkubwa nyumbani? Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikashindikana, nikasema nitasema akiolewa. Ukaolewa. Baadaye ukawa unashona vizuri kuliko mtaa mzima, nikajiambia, si unaona, mambo yamekwenda vizuri, hakuna haja."

"Hayakwenda vizuri, Kaka. Yalikwenda tu."

"Najua," akasema. "Nilikukosea. Hilo usiliandike, hilo nakuambia wewe."

Ndilo hilo neno. Nilikuwa nadhani nikilisikia nitalia, au nitaimba, au mzigo fulani utanidondoka begani kama wanavyoshuhudia watu kanisani. Hakuna kilichodondoka. Nilijikuta tu nakiangalia kile kiatu na kukumbuka jinsi kilivyokuwa kinanibana kidole kidogo. Kisha nikasikia njaa.

Mama Pacha akakaa kwenye benchi la wateja, bakuli la sukari mapajani. Akagusa lile rundo. "Baba, na hizi nyingine? Shangazi aandike upya?"

Kaka akafikiri. Niliona pozi linamrudia usoni pole pole, kama maji yanavyorudi bombani.

"Wino umeshakauka, ziacheni," akasema. "Watoto wacheke. Lakini ile ya baiskeli aongeze kwamba nilianguka mara moja tu."

"Mara tatu," nikasema.

"Andika mbili, tugawane."

"Tatu, Kaka."

"Haya, tatu! Mwanamke mgumu kama kisigino." Akanyoosha mkono gizani mwake akitafuta kikombe, nikamsogezea. Akanywa, akajifuta mdomo, akashika tena kola ya koti kuona kama imekaa. "Nisomee ile ya studio. Yote."

Nikamsomea: Pozi amekaa kwenye kiti cha mdogo wake. Kushoto, chini ya pazia, kuna kiatu. Kiatu ni cha mdogo wake, anangoja zamu.

Akatikisa kichwa mara mbili. Nikaanza kuirudisha kalamu mfukoni.

"Ongeza mstari mmoja," akasema. "Andika: Koti lilimkaa vizuri."

Nikamtazama. Kisha nikaitazama picha, kwa jicho la kazi safari hii, kama ninavyomtazama mteja aliyesimama mbele ya kioo. Kiunoni lilikaa. Mikono ilifika ilipotakiwa kufika. Kola ililala. Lakini karani wa posta alikuwa mtu mpana, na mshono wa bega ulikuwa umeshuka nusu inchi nzima kwenye mkono.

Nikaandika: Koti lilimkaa vizuri, isipokuwa mabegani.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika," nikasema.